Edmund Burke na Maana ya Kuhifadhi

Neno "mhafidhina" limezoeleka sana katika magazeti na redio zetu, na aghalabu hutumiwa kama lawama. Anayeitwa kwa jina hilo hudhaniwa kuwa mtu mkaidi, mpenda ya kale na adui wa maendeleo. Lakini mwalimu wa Kiswahili akilichambua neno hili ataona kuwa shina lake ni moja na lile la "hifadhi", yaani kutunza kitu kisipotee wala kuharibika. Na mtu aliyeishika Kurani yote kwa moyo huitwa hafidh. Kwa asili ya neno, basi, mhafidhina ni mtunzaji. Swali linalobaki ni hili: anatunza nini, kwa faida ya nani, na kwa njia gani?

Makala haya yanakusudia kueleza maisha na fikira za Edmund Burke, mwanasiasa na mwandishi wa karne ya 18, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa fikira za uhafidhina katika siasa. Yeye mwenyewe hakupata kujiita hivyo, maana jina hilo lilianza kutumika katika siasa za Ulaya baada ya kufa kwake. Wazee wetu wametuachia methali mbili zitakazotusaidia kumfahamu. Ya kwanza ni "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ya pili ni "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Wanaomtaja Burke leo humjua zaidi kwa ile ya kwanza. Tutaona kuwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake alihangaika na ile ya pili, na kwamba pale alipoisahau ndipo hoja zake zilipopwaya.

Malezi na elimu

Burke alizaliwa mwaka 1729 mjini Dublin, nchini Ireland. Baba yake alikuwa wakili na alifuata dhehebu la Kianglikana. Mama yake, Mary Nagle, alitoka katika ukoo wa Wakatoliki. Wana wa kiume walilelewa katika dhehebu la baba, na dada yao Juliana katika dhehebu la mama. Jambo hili laweza kuonekana dogo, lakini katika Ireland ya siku zile lilikuwa na uzito mkubwa. Wakatoliki, ambao ndio waliokuwa wengi nchini, walifungwa na sheria kali. Hawakuruhusiwa kupiga kura, wala kuketi katika Bunge, wala kushika vyeo vya serikali. Hata haki yao ya kununua na kurithi ardhi ilibanwa. Hivyo Burke alijifunza tangu utotoni, katika jamaa zake mwenyewe, jinsi sheria mbaya inavyoweza kuwatenga watu wa damu moja.

Mwaka 1741 alipelekwa katika shule ya bweni ya Ballitore, iliyoongozwa na Abraham Shackleton, mfuasi wa dhehebu la Quaker. Mwaka 1744 aliingia Trinity College, Dublin, akahitimu mwaka 1748. Miaka miwili baadaye alivuka bahari kwenda London kusomea sheria, lakini moyo wake ulivutwa na uandishi, akaiacha kazi ya uwakili kabla hajaianza. Mwaka 1757 alichapisha kitabu juu ya asili ya hisia zetu tunapokabili uzuri na utukufu wa mambo, kitabu ambacho hadi leo husomwa na wanafunzi wa sanaa. Mwaka huo huo alimwoa Jane Nugent. Mwaka 1764 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kilabu cha mazungumzo mjini London pamoja na Samuel Johnson, yule mtunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza.

Mwaka 1765 Burke alifanywa katibu wa Lord Rockingham, aliyekuwa Waziri Mkuu na kiongozi wa kundi moja la chama cha Whig, na mwishoni mwa mwaka huo akaingia Bunge. Alidumu humo hadi 1794. Hakupata kuwa waziri mkubwa. Cheo alichokishika, tena kwa muda mfupi mwaka 1782 na 1783, kilikuwa cha kusimamia malipo ya majeshi. Nguvu yake ilikuwa katika kalamu na ulimi.

Amerika, na deni la mbunge

Alipoingia Bunge alikuta mzozo wa makoloni ya Amerika. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetunga sheria ya ushuru wa stempu mwaka 1765, na wakazi wa makoloni wakagoma kuulipa, kwa kuwa hawakuwa na wawakilishi katika Bunge lililowatoza. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1766, lakini ushuru mwingine ulifuata, na chuki ikazidi. Wabunge wengi waliuliza kama Uingereza ilikuwa na haki ya kuwatoza kodi watu wa makoloni. Burke aliona kuwa swali hilo liliwapoteza njia. Katika hotuba yake ya tarehe 22 Machi 1775 alishikilia kuwa mtawala hapaswi kutazama haki iliyoandikwa katika karatasi peke yake. Hana budi kutazama tabia ya watu, historia yao, na matokeo ya anachotaka kukitenda. Watu wa makoloni walikuwa wamerithi mapenzi ya uhuru kutoka kwa Waingereza wenyewe. Kuwanyang'anya urithi huo kwa mabavu kungekuwa kuuvunja ukuta ambao ufa wake ungezibika kwa busara kidogo. Ushauri wake ulikataliwa. Mwezi uliofuata vita vikaanza, na mwaka 1783 Uingereza ikalazimika kuukubali uhuru wa Marekani.

Katika miaka hiyo Burke alikuwa mbunge wa Bristol, bandari tajiri ya biashara. Alipochaguliwa mwaka 1774 aliwaambia waliompa kura neno ambalo wagombea wengi wasingethubutu kulisema. Alieleza kuwa mbunge si tarishi wa kupeleka maagizo ya wakubwa wake. Anapaswa kuwasikiliza raia, kuwatumikia na kuyatanguliza mahitaji yao mbele ya raha yake. Lakini akili yake na dhamiri yake ni deni analowiwa nao, na akiziacha ili awapendeze anakuwa amewasaliti. Burke aliyalipia maneno hayo. Alitetea kupunguzwa kwa vikwazo vilivyobana biashara ya Ireland, ingawa wafanyabiashara wa Bristol waliogopa ushindani. Akatetea pia kulegezwa kwa sheria zilizowadhulumu Wakatoliki. Mwaka 1780 akaona wazi kuwa Bristol haimtaki tena, akajitoa katika uchaguzi, akarudi Bungeni kwa kiti cha Malton. Katika mwaka huo huo aliandika rasimu ya sheria ya kuidhibiti biashara ya watumwa na kuifikisha mwisho kwa hatua.

Kesi ya Warren Hastings

Kazi iliyomchukulia Burke nguvu nyingi kuliko zote ilihusu India, nchi ambayo hakuikanyaga maishani. Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki ilianzishwa mwaka 1600 kwa ajili ya biashara. Baada ya ushindi wake wa Plassey mwaka 1757, na baada ya kupewa haki ya kukusanya kodi za Bengal mwaka 1765, kampuni hiyo iligeuka kuwa dola. Watumishi wake walirudi Uingereza na utajiri wa ajabu, ilhali Bengal ilipatwa na njaa kuu ya miaka ya 1769 na 1770 iliyoua watu wengi mno.

Burke alizisoma nyaraka za kampuni kwa miaka mingi, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kukasirika. Mwaka 1783 alishiriki kutunga muswada wa kuiweka kampuni chini ya usimamizi wa Bunge, lakini muswada huo ulishindwa katika Baraza la Malodi. Ndipo alipoongoza juhudi za kumshtaki Warren Hastings, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Bengal, mbele ya baraza hilo hilo. Kesi ilifunguliwa Februari 1788, na hotuba ya Burke ya kuianzisha ilichukua siku kadhaa. Miongoni mwa mashtaka yalikuwamo madai ya fedha aliyotozwa Chait Singh, mtawala wa Benares, na kunyang'anywa kwa hazina ya mabibi wa ukoo wa kifalme wa Oudh.

Upande wa Hastings ulitoa hoja kwamba Asia si Ulaya. Kwamba huko watawala wamezoea kutawala wapendavyo, na gavana alifuata desturi aliyoikuta. Burke aliikataa hoja hiyo kwa ukali. Alisema hakuna haki ya Ulaya na haki nyingine ya Asia, kana kwamba wema na uovu hubadilika meli ikivuka mstari wa ikweta. Tena akaonyesha kuwa madai yenyewe yalikuwa ya uongo. Watu wa India, Wahindu kwa Waislamu, walikuwa na sheria zao za kale. Na katika dola za Kiislamu mtawala mwenyewe yuko chini ya sheria asiyo na idhini ya kuivunja. Aliyevunja mila za India alikuwa mgeni mwenye tamaa, aliyezifuta kisha akasingizia kuwa hazikuwapo.

Aprili 1795, baada ya miaka zaidi ya 7, Baraza la Malodi lilimwona Hastings hana hatia. Burke alishindwa. Hata hivyo aliihesabu kesi hiyo kuwa kazi bora ya maisha yake. Tusidhani kwamba alipinga ukoloni wenyewe; la, aliamini kuwa Uingereza yaweza kutawala India kwa haki. Lakini alishikilia kuwa mamlaka yote ni amana, na mwenye kushika amana hana budi kutoa hesabu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kuikumbuka kesi hii. Mwaka 1888, miaka 100 baada ya kesi kufunguliwa, serikali ya Uingereza ilitoa hati ya kifalme kwa kampuni nyingine ya biashara, Imperial British East Africa Company, na kuipa madaraka ya utawala katika sehemu zetu hizi. Haikupita miaka mitatu ila mawakala wake walikuwa wamefika Buganda na silaha. Onyo la Burke juu ya mfanyabiashara anayepewa upanga lilikuwa limewekwa kabatini.

Mapinduzi ya Ufaransa

Tarehe 14 Julai 1789 watu wa Paris waliteka ngome ya Bastille. Wengi katika Uingereza walishangilia, na rafiki wa Burke, Charles James Fox, alikuwa mmoja wao. Walitazamia kuwa mtu aliyewatetea Waamerika angeshangilia pia. Burke hakushangilia. Tarehe 1 Novemba 1790 alitoa kitabu chake juu ya Mapinduzi ya Ufaransa, alichokiandika kwa mtindo wa barua kwa kijana mmoja wa Paris. Kitabu hicho kilinunuliwa kwa maelfu katika wiki chache.

Hoja zake kuu zaweza kufupishwa hivi. Kwanza, akili ya mtu mmoja, au ya kizazi kimoja, ni haba. Mila, desturi na asasi zilizodumu zimebeba maarifa ya watu wengi waliojaribu, wakakosea na kusahihisha. Anayezitupa kwa sababu tu hakuelewa kazi yake anatupa akiba asiyoweza kuirudisha. Pili, taifa ni ushirika wa waliokufa, walio hai na watakaozaliwa. Walio hai ni wapangaji wa muda katika nyumba hiyo, na hawana ruhusa ya kuibomoa kwa hasira ya siku moja. Tatu, mapenzi ya nchi huanzia karibu, katika jamaa, mtaa na kijiji, ndipo yakapanuka. Kwa hiyo aliwalaumu wanamapinduzi waliozifuta wilaya za kale na kuigawa Ufaransa upya kwa vipimo vya ramani. Nne, mabadiliko ni ya lazima: dola isiyo na njia ya kujirekebisha haina njia ya kujihifadhi. Lakini marekebisho yafuate mfano wa fundi anayekarabati nyumba huku wenyewe wamo ndani.

Katika kitabu hicho alitabiri pia kwamba utii ukiisha kuvunjwa, jeshi litatafuta jemadari anayejua kuliamrisha, na jemadari huyo atakuwa bwana wa wote. Mfalme Louis wa 16 aliuawa Januari 1793. Mwaka huo na uliofuata ukawa wakati wa vitisho na mauaji. Na Novemba 1799 jemadari Napoleon Bonaparte akatwaa madaraka. Burke alikuwa amekwisha kufa miaka miwili nyuma.

Waliompinga, na kile ambacho hakukiona

Kutimia kwa utabiri hakutoshi kumfanya mtu awe sahihi katika kila jambo. Majibu ya kitabu chake yalitoka upesi. Kabla mwaka 1790 haujaisha, Mary Wollstonecraft alimjibu kwamba heshima ya ukale isitumiwe kuficha dhuluma, na kwamba Burke alizisifu mali na vyeo vya kurithi bila kuwafikiria maskini walioubeba mzigo wake. Mwaka 1791 Thomas Paine, aliyekuwa amefahamiana naye kwa wema hapo kabla, aliandika kwamba kila kizazi kina haki ya kujiamulia mambo yake, na kwamba wafu hawana mamlaka ya kuwafunga walio hai. Alimlaumu kwa kumlilia malkia na kuwasahau waliosahauliwa magerezani. Mei mwaka huo Burke na Fox walivunja urafiki wao mbele ya Bunge, na Fox akatokwa na machozi.

Hapa ndipo penye kitendawili. Je, ilikuwaje jicho lililoyaona mateso ya mkulima wa Bengal lisiyaone ya mkulima wa Ufaransa? Wakulima wa Ufaransa walibeba kodi ambazo makabaila na wakuu wa Kanisa walisamehewa. Burke aliligusia jambo hilo juujuu tu. Na katika ghadhabu yake aliulinganisha umati wa watu na nguruwe, neno ambalo wapinzani wake hawakulisahau.

Wengine husema kuwa alibadilika kwa uzee. Sababu hiyo haitoshi, maana aliendelea kuwatetea Wakatoliki wa Ireland na kumwandama Hastings katika miaka ile ile aliyoandika dhidi ya Mapinduzi. Wengine husema kuwa alitetea chochote cha kale. Nayo haitoshi, maana sheria zilizowafunga Wakatoliki zilikuwa za kale vya kutosha, naye alizipinga maisha yake yote. Kwa maoni yangu, tofauti ilikuwa katika mahali aliposimama alipotazama. Ireland aliijua kwa damu ya mama yake. India aliijua kwa kusoma nyaraka kwa miaka mingi hadi majina ya vijiji na watawala yakawa kama ya jirani zake. Ufaransa aliizuru mwaka 1773, na taswira iliyobaki moyoni mwake, aliyoiandika kwa fahari katika kitabu chake, ilikuwa ya Marie Antoinette katika ikulu ya Versailles. Aliitazama nyumba kutoka sebuleni, akaona mapambo yake. Vyumba vya nyuma, vilivyokuwa vimepasuka, hakuvifikia. Ule ufa uliopaswa kuzibwa zamani yeye hakuulalia.

Miaka ya mwisho

Agosti 1794 alimpoteza mwanawe wa pekee aliyekuwa amebaki, Richard, punde baada ya yeye mwenyewe kustaafu na mwana kuchaguliwa kuchukua kiti chake. Msiba huo ulimvunja. Alipopewa pensheni na serikali, tajiri mmoja wa ukoo wa kilodi, Duke wa Bedford, alimsuta. Burke akamjibu mwaka 1796 kwa waraka mkali, akisema kuwa yeye alichokipata alikifanyia kazi, hali yule alizaliwa juu ya mali. Alifariki tarehe 9 Julai 1797 nyumbani kwake Beaconsfield, akazikwa katika kanisa la mji huo. Ireland ilikuwa imewapa Wakatoliki haki ya kura mwaka 1793. Haki ya kuketi katika Bunge waliipata mwaka 1829.

Walimu wenzangu watakutana mara nyingi na usemi usemao kuwa uovu hushinda pale watu wema wanapokaa bila kutenda neno, nao umewekewa jina la Burke chini yake. Usemi huo haujapatikana katika maandishi yake. Ni vema tuwaambie wanafunzi hivyo, maana kumpa mtu maneno ambayo si yake ni kuharibu urithi hata kama maneno yenyewe ni mazuri.

Tumfundisheje?

Sisi tunaofundisha lugha tunaufahamu urithi kwa namna yetu. Hakuna mkutano uliozipigia kura ngeli za Kiswahili. Tumezikuta zimekwisha kupangwa na vizazi vya wasemaji tusiowajua majina. Kila siku tunapokea maneno mapya, tunayapa viambishi vyetu, nayo yanakuwa ya nyumbani. Mwanafunzi anayedharau sarufi kwa kuwa ni ya zamani hupoteza chombo cha kusemea; na mwalimu anayekataa kila neno jipya huifanya lugha iwe kitu cha makumbusho. Katika jambo hili Burke ni mwenzetu, na hoja zake juu ya akiba ya vizazi zastahili kujadiliwa darasani bila kuogopa jina la uhafidhina.

Lakini mjadala huo usiishie hapo. Kila tunapoambiwa tuhifadhi mila fulani, au sheria fulani, au cheo fulani, tuulize nani anaishi katika chumba kilichopasuka, tena tumwendee huko huko na kumsikiliza. Burke alifanya hivyo kwa Ireland na India, na maneno yake juu ya nchi hizo bado yana nguvu. Hakufanya hivyo kwa Ufaransa, na hapo Paine na Wollstonecraft walipata pa kumshika. Mwalimu atakayezifundisha zile methali mbili, ya mbacha na ya ufa, na azifundishe katika kipindi kimoja.